Ununue king'amuzi sasa au usubiri?

Ndugu, umeuliza kama kununua king'amuzi leo ni kutupa pesa, maana unasikia runinga yote inahamia kwenye intaneti. Kabla ya kununua chochote, soma maelezo ya runinga yako. Ikiwa imeandikwa DVB-T2, yaani mfumo wa kupokea matangazo ya dijitali ya hewani kwa antena, king'amuzi tayari kimo ndani. Chomeka antena, tafuta chaneli, basi. (Marekani na Japani wana mifumo yao, hiyo DVB-T2 haitakufaa huko.) Chaneli za kulipia ni habari nyingine, zile hufungwa na kampuni husika.

Matangazo ya hewani sioni yakifa haraka. Mnara hutumia umeme uleule, watazamaji wawe kumi au milioni. Kwenye intaneti kila mtu huvuta mkondo wake, ndiyo maana siku ya mechi kubwa picha hukwamakwama, na jirani mwenye antena anashangilia bao wewe bado unaona mpira katikati ya uwanja.

Kinachozeeka upesi ni mfumo wa kubana picha, yaani njia ya kuipunguza ukubwa ili isafirishwe kwa data kidogo. Boksi linalosoma MPEG-2 pekee, mfumo wa zamani, usilichukue hata ukipewa bure. H.264 bado inatumika sana, lakini HEVC, iliyotoka 2013, hubeba picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya data. Ukinunua, dai boksi lenye HEVC.

Na hayo maboksi ya intaneti, yale ya kuchomeka kwenye runinga ili utazame kupitia mtandao, muulize muuzaji kama yanapata masasisho ya programu. Yasipopata, programu zitaanza kugoma moja baada ya nyingine huku boksi lenyewe likiwa zima kabisa.