Dainamo ya Morris Minor Haitoshi: Nifunge Alteneta ya Ukubwa Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ujiji, na ninalo gari dogo aina ya Morris Minor 1000 la mwaka 1966, nililorithi kwa marehemu kaka yangu likiwa bado na dainamo yake ya awali. Kila mwezi husafiri kupitia Uvinza na Kaliua hadi Tabora kumpelekea binti yangu migebuka ya Kibirizi, na sasa nimenunua friji ndogo ya volti 12 ili samaki wasiharibike njiani. Ningependa pia kufunga taa mbili za ziada mbele, redio na sehemu ya kuchajia simu. Fundi mmoja amenishauri ninunue alteneta ya ampea 100 niachane na wasiwasi. Je, yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Alteneta, yaani mashine ya kuzalisha umeme wa gari inayochukua nafasi ya dainamo, unaihitaji, ila si ya ampea 100, na kabla hujanunua chochote naomba uchukue karatasi na kalamu. Wati za kila kifaa ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea zake. Taa kubwa pamoja na taa ndogo za gari lako hula takriban ampea 11, koili inayozipa plagi umeme 4 na wipa 3, kwa hiyo ampea 18 zimekwisha hata friji hujaigusa, ilhali dainamo yako, ambayo bila shaka ni Lucas C40, hutoa ampea 22 injini ikiwa kasi na karibu haitoi kitu injini ikiwa sailensi, yaani ikizunguka polepole gari likiwa limesimama. Friji ya wati 50 itaongeza ampea 4, redio na simu 3, na taa mbili za wati 55 kila moja zitaongeza 9, jumla 34. Ukichagua taa za LED za wati 20 kila moja, jumla itashuka hadi 28. Alteneta ya ampea 45 hadi 50 inakutosha na akiba inabaki. Ile ya ampea 100, ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, ingeidai injini yako ya farasi 48 karibu nguvu za farasi 3, zote zikipita kwenye mkanda mmoja mwembamba ambao ungeteleza na kulia kila uwashapo taa.

Alteneta ya Lucas 18ACR ndiyo inayokaa vizuri kwenye injini hiyo, kwa kuwa injini za aina yake, A-Series, ziliendelea kutengenezwa Uingereza kwa ajili ya gari la Mini hadi mwaka 2000, na vishikio vyake bado vinauzwa huko. Mimi binafsi ningefunga Denso ya Toyota ya zamani, kwa sababu kaboni na regyuleta (kidhibiti volti) zake fundi wa Kigoma anazijua. Hakikisha tu kwamba puli yake ni ya mkanda wa V na imenyooka sawasawa na puli ya injini.

Sasa nisikilize kwa makini, Mwalimu. Gari lako lilitoka kiwandani likiwa na ethi ya chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, wakati alteneta hizi zinataka ethi ya hasi. Ukiiunganisha bila kubadilisha, diodi zake, yaani vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zitaungua papo hapo. Geuza nyaya za betri na zile mbili za koili kwanza, ndipo ufunge alteneta.

Kinachonitia hofu zaidi ni nyaya. Niliwahi kuletewa hapa Tabora gari kama lako, lililokuwa limefungwa alteneta mpya bila kuguswa kitu kingine. Nilipofunua boneti, waya mkuu wa kahawia ulikuwa umekauka kama ganda la karanga. Nilipoukunja kidogo, kitambaa kilichouzunguka kilipukutika mkononi na shaba ikabaki wazi, sentimita chache tu kutoka kwenye bomba la petroli. Waya ule uliwekwa kwa ampea 22. Vuta waya mpya wenye nyuzi nyingi, wa milimita 10 za mraba, kutoka alteneta moja kwa moja hadi betri, ukiwa na fyuzi ya ampea 60 karibu na betri. Usikubali waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene, kwani mtikisiko wa barabara utaukata. Friji na taa mpya zipate njia zake zenyewe kutoka betri, kila moja na fyuzi yake, na taa ziwe na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi nao usafishwe hadi ung'ae.

Kile kisanduku cha kudhibiti chaji hakitakuwa na kazi tena, kwa hiyo fundi akiruke. Taa nyekundu ya chaji asiiondoe, kwa maana katika alteneta nyingi za zamani umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha ianze kuchaji. Mwishoni washa kila kitu, ongeza mafuta kidogo, upime betri: volti 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Injini ikizimwa, friji nayo uizime, la sivyo asubuhi utasukuma gari.

SWALI: Mimi nipo Urambo na gari langu ni Datsun 1200. Nimeambiwa alteneta kubwa huunguza betri. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Vifaa ndivyo vinavyovuta ampea, alteneta haivisukumii. Betri huchemka pale regyuleta inapoharibika na volti kupanda kupita 15, na jambo hilo huweza kutokea kwa alteneta ndogo pia. Pima kwanza volti, kisha uangalie regyuleta.