Gadi Yupi Ajengewe Timu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha timu ya vijana ya mpira wa kikapu yenye gadi wawili hodari, yaani wachezaji wanaouendesha mpira na kuanzisha mashambulizi. Wa kwanza ndiye mfungaji wetu mkubwa, lakini asipokuwa na mpira husimama tu. Wa pili hufunga pointi chache, ila ana shabaha ya mbali na hutoa pasi mapema. Mwili wake bado ni mwembamba. Wakicheza pamoja tunafungwa kirahisi. Nimjengee nani timu?

JIBU: Ndugu Mwalimu, kwa maelezo yako ningemchagua wa pili, ingawa najua uamuzi huo utawaudhi wengi.

Klabu ya Golden State Warriors ya Marekani iliwahi kuwa katika hali kama yako. Msimu wa 2010/11 gadi wake Monta Ellis alikuwa na wastani wa pointi 24.1 kwa mchezo, na gadi mwenzake Stephen Curry 18.6. Wote hawakuwa warefu, hivyo kuwapanga pamoja kuliidhoofisha safu ya ulinzi. Isitoshe, Curry alisumbuliwa na kifundo cha mguu hata msimu uliofuata akacheza michezo 26 pekee. Hata hivyo, Machi 2012 aliyeondoka ni Ellis, akabadilishwa na Andrew Bogut, mchezaji mrefu wa kulinda kikapu. Mashabiki walimzomea mmiliki wa klabu hadharani. Miaka mitatu baadaye, Curry na Bogut wakiwa kikosini, klabu ilitwaa ubingwa.

Wastani wa pointi ulificha jambo kubwa zaidi. Katika msimu huo wa 2010/11 Curry aliingiza asilimia 44 ya mitupo yake ya pointi tatu, ile ya kutoka mbali, Ellis 36. Mtu mwenye shabaha ya namna hiyo haachwi peke yake hata akiwa hana mpira: akikimbilia pembeni humvuta mlinzi wake, mara nyingine wawili, na uwazi unaobaki huwa wa mwenzake. Kwa hiyo, mazoezini, tazama wenzake wanapata nafasi gani kila kijana anapokuwa uwanjani, usihesabu vikapu vyake tu.

Wembamba usikutishe sana, kwa kuwa nguvu huongezeka kwa umri na mazoezi, lakini tabia ya kusimama ni ngumu kuivunja. Yule wa kwanza naye mpe kikosi cha akiba akiongoze mwenzake anapopumzika, na umweleze uamuzi huo wewe mwenyewe kabla hajausikia kwa wengine.