Mnaoanza kuchora abstrakti za mashine, msikimbilie gia

Wadogo zangu, naona wengi mkianza tu mnachora gia juu ya gia, mnapaka rangi ya kutu, mnasema hiyo ni abstrakti ya mashine, yaani picha isiyoonyesha kitu chenyewe bali maumbo na rangi tu. Aisee hapana. Wale wachoraji wazee wa Paris wa miaka ya 1910 mashine waliiangalia sana tu, ila baadhi yao walichukua tabia yake, umbo lake wakaliacha hukohuko.

Anza na Fernand Léger, huyu usimruke. Ana msururu wa picha za 1913 unaitwa Contrastes de formes, yaani maumbo yanayogombana, na humo hakuna injini hata moja, ni mabomba na vipande vilivyopinda, mistari myeusi, nyekundu na bluu, halafu kwenye mgongo wa bomba anapitisha weupe na jicho lako lenyewe linaona chuma kinang'aa. Kilichopinda kinagombana na kilichonyooka, rangi inagombana na weupe, na huo ugomvi ndio unaifanya picha itembee. Vita ya Kwanza ya Dunia ikamkuta, akauona mzinga wa milimita 75 umefunguliwa nyuma, jua linapiga kwenye chuma, mwenyewe alisema ulimfundisha kuliko makumbusho yote ya dunia. Na hapo ndo akaanza kurudi kwenye vitu vyenyewe, kwa hiyo msidhani abstrakti ni njia ya kwenda tu bila kurudi.

Robert Delaunay naye, mchoraji mwingine wa Paris: rubani Mfaransa Blériot alivuka kwa ndege bahari ya kati ya Ufaransa na Uingereza 1909, Delaunay 1914 akamchorea picha ya heshima ambayo karibu yote ni miduara ya rangi, unahisi propela inazunguka kabla hujaiona.

Francis Picabia, mchoraji mwenzao, mwacheni kwanza. 1915 akiwa New York alichora plagi ya gari akaiita picha ya binti wa Kimarekani, inachekesha kweli, ila utani wote umebebwa na jina, ukilitoa unabaki na plagi.

Zoezi sasa. Nenda gereji, omba ruhusa kwa fundi, kaa karibu na injini iliyofunguliwa uchore kwa penseli, kesho yake ficha hizo karatasi uchore tena kwa kichwa, kile kilichobaki kichwani ndo kazi yako, rangi tatu zinatosha. Kanvasi ghali? Baadhi ya zile za 1913 Léger alizichora kwenye kitambaa cha gunia, tafuta gunia basi, ila lipake gundi kwanza na uiache ikauke kabisa, la sivyo litakunywa rangi yote.