Maandamano Arusha: pelekeni taarifa, msiombe kibali

Mkuu, umeuliza kama wakazi wa mtaa wenu hapa Arusha lazima wapewe kibali na polisi ndipo waandamane kudai maji. Hapana. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kinawataka mpeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo lenu, angalau saa 48 kabla, mkitaja mahali, muda na madhumuni. Mkishaipeleka mnaendelea, isipokuwa mkiletewa amri ya kuzuia.

Zamani kibali kilitakiwa kweli. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi namba 5 ya 1993 Mahakama Kuu Dodoma, na Jaji Lugakingira akaamua kwamba sharti lile linavunja Ibara ya 20 ya Katiba, inayolinda uhuru wa kukusanyika. Inaniuma kwamba hadi leo wengi wetu tunaishi kana kwamba hukumu ile haikutolewa.

Mtaani kwetu tulikuwa na kero ya taka. Nilipeleka barua, askari wa kaunta (kituo sikitaji) akanirudishia, eti niandike "Yah: Ombi la kibali". Nilikataa kwa adabu. Ukishaomba, umekubali mwenyewe kwamba wasipokujibu huna ruhusa. Nikamsihi agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, aweke tarehe na saa. Nilikaa kwenye benchi hadi mchana, ikagongwa.

Nakala hiyo ndiyo iliyotubeba. Siku moja kabla tulipigiwa simu tusitishe. Nikajibu: tunaomba amri hiyo kwa maandishi, pamoja na sababu. Barua haikuja. Tuliitwa tukazungumza, tukakubali kuiacha barabara kuu na kupita ya ndani, na askari wakatusindikiza vizuri tu.

Polisi wana uwezo wa kuzuia wakiona amani au usalama wa umma uko hatarini. Hapo rufaa inakwenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na neno lake ndilo la mwisho. Mimi naona si haki, ingefaa iende kwa hakimu. Lakini amri ikitolewa msishindane nayo barabarani. Wana Arusha tunakumbuka Januari 5, 2011, watu walivyopoteza maisha kwa risasi kwenye maandamano ya CHADEMA. Kina mama na watoto watakuwa kwenye msafara wenu. Barua iwe na njia mtakayopita, saa ya kutawanyika na simu za viongozi wawili, na ipelekeni siku nne au tano mapema ili mkiitwa mpate muda wa kuzungumza.