Aina, aina, aina... mpaka lini?

Swali: Mwalimu shikamoo. Kwenye kazi yangu ya chuo nimeandika "kutumia aina za enzaimu kutofautisha aina za fangasi wa mimea", msimamizi anataka kimeng'enya. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Wote mko sahihi, ni protini zilezile zinazoharakisha kazi za kemia ndani ya viumbe. Kimeng'enya kimetoka kwenye kumeng'enya, ile kazi ya tumbo baada ya ugali, enzaimu nayo inaeleweka, chagua moja usichanganye, basi.

Ila hizo "aina" zako ndo zimenipandisha presha! Neno letu la Kiarabu tumelifanya gunia, kila kitu kinatupwa humo. Ukisema aina za enzaimu mtu anawaza amilesi ya kuvunja wanga na lipesi ya kuvunja mafuta, wakati nyie mnachukua enzaimu ya kazi ileile, mnaipitisha kwenye jeli ya wanga yenye umeme, mnatia rangi mnaangalia mistari imeishia wapi, maana protini zenye chaji tofauti hazikimbii sawa. Hizo ni tofauti ndani ya enzaimu moja. Na fangasi unaowatenganisha ni spishi. Spishi! Neno lipo, halilipiwi kodi.

Angalia chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni mbichi, uliripotiwa Kenya 1922. Kwenye mbuni mmoja (mti jamani, sio yule ndege) unakuta fangasi wawili, Colletotrichum gloeosporioides na Colletotrichum kahawae, kwa macho ni kama mapacha, ila kahawae ndo muuaji wa buni mbichi. Alipewa jina lake 1993, na wanasayansi Waller na Bridge walimtambua pia kwa mlo: hawezi kuishi kwa sitreti au tatreti (chumvi za asidi kama zile za matunda) peke yake, mwenzake anaweza. Sio jeli ile, ila ni kulekule kumjua kiumbe kwa kemia yake. Na jina lenyewe si unaona kahawa yetu hiyo imevalishwa mkia wa Kilatini?

Sasa ieleze habari hii kwa aina: aina hii ya fangasi sio aina ile, na Ruiru 11 ni aina ya kahawa inayohimili aina ya kwanza. Umeelewa? Mi sijaelewa na nimeandika mwenyewe. Ruiru 11 mwachie aina yake, kwenye mbegu neno limekaa vizuri.

Andika "kutumia tofauti za vimeng'enya kutambua spishi za fangasi wanaoshambulia mimea". Watakaokwambia usiseme fangasi, sema kuvu, wapo, mi nshachoka kugombana, ingawa nyumbani kwangu ukitaja fangasi kila mtu anaangalia vidole vya miguu.