Cessna 172 yetu imekuwa ndege nyepesi?

SWALI: Klabu yetu ndogo hapa Texas ina Cessna 172 moja. Tumeambiwa kuwa MOSAIC, kanuni mpya za FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), zimeiingiza kwenye kundi la ndege nyepesi za michezo, hivyo ukaguzi wa mwaka anaweza kuufanya mwenzetu aliyesoma kozi fupi, tuepuke gharama za fundi. Ni kweli? Pia mpwa wangu anakuja kutoka Mwanza kusomea urubani. Aanze na leseni ya rubani wa michezo?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na aliyewaambia hivyo msimruhusu kuigusa ndege yenu.

Kilichobadilika tarehe 22 Oktoba 2025 ni ruhusa ya rubani. Zamani mwenye leseni ya rubani wa michezo aliishia kwenye ndege za viti viwili, zile za nchi kavu zisizozidi kilo 600. Kikomo hicho cha uzito kimeondoka; sasa inatazamwa kasi ambayo mbawa zinashindwa kuibeba ndege flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) zikiwa juu, isizidi noti 59 (kama kilomita 109 kwa saa). Cessna 172 inapita, ila rubani huyo abebe abiria mmoja tu. Kwa klabu ni neema: wazee waliokata tamaa na cheti cha daktari wanaweza kurudi angani kwa leseni ya gari badala yake, mradi ombi lao la mwisho la cheti hicho halikukataliwa na wao wenyewe hawajui ugonjwa unaowazuia.

Ndege yenyewe ni ileile. Cheti chake bado ni cha daraja la kawaida, na sehemu ya kanuni inayoanza Julai 2026, inayohusu uidhinishaji wa ndege nyepesi mpya, haiigeuzi. Ukaguzi wa mwaka lazima uwekwe saini na fundi mwenye cheti cha FAA na idhini ya ukaguzi. Ile kozi ya saa 16 inayotangazwa kila mahali inamwezesha mtu kukagua ndege yake mwenyewe ya kundi la majaribio. Saini yake kwenye kitabu cha 172 haina thamani yoyote, na siku ya ajali kampuni ya bima itaanzia hapo hapo.

Mtauliza fundi analipwa kwa lipi. Chukueni reli za viti peke yake. Agizo la lazima la FAA la mwaka 2011 linataka zikaguliwe kila miezi 12 au saa 100 za kuruka: matundu yanapimwa yasiwe yamelika, pini zinazofunga kiti zinaangaliwa kama zinazama sawasawa. Tundu likilika, kiti huachia wakati wa kupaa, rubani anateleza nyuma akiwa ameshika usukani, na pua ya ndege inainuka naye. Watu wamekufa hivyo. Na hapo fundi bado hajafungua koti (kifuniko) la bomba la moshi kutafuta ufa unaoingiza hewa ya sumu kwenye hita.

Mpwa wako: kama lengo ni ajira nyumbani, aanzie leseni ya rubani binafsi. Ya michezo haifikii viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), kwa hiyo asitegemee kuipeleka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, ibadilishwe. Ina kiwango cha chini cha saa 20, ya binafsi saa 40, na hapo ndipo wauza maneno wanapoingia. Wanatangaza "rubani kwa saa 20" kana kwamba kiwango cha chini ndicho wastani. Wengi hupita saa hizo kwa mbali, na kijana aliyetumwa na ukoo mzima anaishiwa pesa kabla ya kuruka peke yake mara ya pili. Tangu kanuni zilegezwe matangazo haya yamezidi, na ninayachukia, kwa sababu wanaoumia ni walewale waliouza kiwanja ili mtoto asome.

Kabla hujatuma hata dola, iulize shule mambo matatu kwa maandishi: wanafunzi wao humaliza kwa saa ngapi kwa kawaida, nani anasaini ukaguzi wa ndege zao, na kama ina idhini ya kupokea mwanafunzi wa viza. Ikikwepa hata moja, tafuta nyingine.