Mzee aliuliza mapema

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, nikamtazama mwalimu mpya wa kwaya. Macho yote kwenye karatasi, mikono inazunguka, kwaya imeshamtangulia mapigo mawili na sauti ya pili wanaulizana kwa nyusi. Nikacheka. Halafu nikaacha, maana nami nilikuwa hivyohivyo. Haya wadogo zangu, sikilizeni.

1. Vuta pumzi kabla ya pigo la kwanza. Usipovuta wewe, nao hawavuti.

2. Acha kukanyaga sakafu. Lully, mtunzi wa muziki wa mfalme wa Ufaransa, huko Paris mwaka 1687, alijigonga mguu kwa fimbo ya kuongozea, kidonda kikaoza, akafa. Wewe utavunja kiatu tu, lakini besi watafuata kiatu badala ya mkono.

3. Sauti ya kuanzia ichukue kwenye kinanda. Kichwa chako asubuhi ya ibada ya kwanza kina do yake.

4. Matarumbeta. Hapa nina deni.

Ilikuwa Pasaka, Haleluya ya Handel, do ni D, yaani ufunguo wa D. Kwaya ilikuwa imeiva, nikaona haitoshi bila tarumbeta. Nikawapata wazee wawili waliostaafu bendi ya askari. Usiku nikawanakilia sehemu yao kama ilivyo kitabuni, kwa mwandiko wa kuchumbia. Sasa, tarumbeta zao ni za B flati, hutoa sauti iliyo chini kidogo ya nota iliyoandikwa: ukiandika D, inatoka C. Nilitakiwa niwaandikie E. Nalijua hilo tangu chuoni, na mtihani nilipasi!

Jumamosi nikawafanyisha mazoezi peke yao. Safi kabisa. Wawili wakikosea sawasawa, utasikia wapi kosa? Mzee mmoja akainua karatasi: "Mwalimu, hii umeshaihamisha kwa ufunguo wa tarumbeta?" Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Mzee wangu, wewe piga kilichoandikwa."

Akapiga kilichoandikwa.

Kwaya iko D, tarumbeta ziko C, kanisa limejaa hadi dirishani. Mchungaji akafumba macho, nikadhani amebarikiwa. Nami nikaongeza ukubwa wa mikono, kana kwamba sauti hupandishwa kwa viwiko. Sauti ya kwanza wakaanza kushuka kuzifuata tarumbeta, besi wakagoma, mpiga kinanda akainamisha kichwa akapiga zake. Yule mzee akateremsha tarumbeta, akailaza mapajani, akanitazama kwa upole. Upole ule ndio uliniumiza. Mwenzake naye akashusha.

Mnakijua kile kimya kabla ya Haleluya ya mwisho? Hapo ndipo mahali pekee siku ile tulipokuwa kwenye ufunguo mmoja.

Mlangoni mzee akanishika mkono. "Pentekoste, mwalimu, niandikie E."

5. Kwaya na ala vikutane walau mara moja kabla ya ibada. Mara moja tu, jamani!

6. Nakili nota kwa penseli. Zangu za Pasaka ile niliandika kwa wino mweusi, na bado zimo kabatini.